Harusi Iliyokwenda Hewani Kabla ya Posa

Asubuhi ile ya Jumatatu Faustina aliingia maabara ya kompyuta akiwa na mambo mawili kichwani: projekta iliyokuwa ikizimika ovyo, na Marcelino. La projekta lilikuwa na dawa yake; unaipiga kofi ubavuni, inawaka. La Marcelino halikuwa na dawa. Ndilo lililomkosesha usingizi, likamfanya aangalie simu hata anapovuka barabara kuu pale Soweto ya Mbeya, penye malori yanayokwenda Tunduma, akawa anatukanwa na madereva mpaka akazoea.

"Hongera, Madam!"

Sauti ilitoka viti vya nyuma. Ikafuata nyingine, na nyingine, mara darasa zima linapiga makofi. Faustina akadhani ni mambo ya vijana tu. Mwaka wa kwanza ni watu wa makelele, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba huwafanya watafute chochote cha kuwapasha moto.

"Hongera ya nini? Kaeni chini. Leo tunaangalia kazi zenu."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila mmoja atengeneze ukurasa mmoja wa tovuti wa kutangaza sherehe: kipaimara, mahafali, harusi, atakacho mwenyewe. Somo lilikuwa la kuanzia kabisa. Kichwa cha habari kikae wapi, picha ikae wapi, maandishi yasomeke bila mtu kuumia macho. Faustina alilipenda somo lake, lakini anayefundisha somo hili lazima awe na moyo mgumu, kwa sababu kila mwaka wapo wanaoandika kwa rangi nyekundu juu ya kijani na kuapa kwamba imependeza.

Akafungua kazi ya Brayson. Bwana harusi kwenye picha alikuwa amevutwa huku na huku mpaka uso umekuwa mpana kama sinia.

"Brayson, huyu mtu umemfanya nini?"

"Ni mjomba wangu, Madam. Ndivyo alivyo."

Darasa likaangua kicheko.

"Mjomba wako hajawahi kuwa hivyo hata siku moja. Umebadilisha upana wa picha, urefu ukausahau. Gusa kimoja tu, kingine kiache kifuate chenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Madam. Ila ya kwako imetoka bomba, yaani hatari. Mpaka shangazi yangu wa Iringa kaisifia."

"Ya kwangu ipi?"

Msichana wa kiti cha mbele, Lea, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aulizwe, aligeuza simu yake taratibu ili mwalimu aione.

"Hii, Madam. Iko kwenye ile linki uliyotupa Ijumaa."

Faustina akatazama. Juu palikuwa na maua meupe. Chini ya maua, kwa herufi kubwa za kupinda alizozichagua mwenyewe kwa mkono wake, palikuwa na majina mawili: Faustina na Marcelino. Chini ya majina, kanisa. Chini ya kanisa, ukumbi wa Iringa mjini, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Tunakukaribisha kwa furaha.

Akaifunika simu ya Lea kwa kiganja.

Jamani, usimcheke kabla hujasikia ilivyokuwa. Jumapili moja Faustina alikaa chumbani kwake kuandaa ukurasa wa mfano. Walimu wengi hujaza nafasi kwa maneno yasiyo na maana, ilimradi ukurasa usiwe mtupu. Yeye hakupenda hivyo. Aliwaambia wanafunzi wake kila mara kwamba jina refu halikai kama jina fupi, kwa hiyo andika maneno ya kweli uone yanavyokaa. Basi akahitaji bibi harusi, akaandika jina lake. Akahitaji bwana harusi, na vidole vikaenda vyenyewe. Alipoona majina yale yamekaa pamoja, alisahau kwamba anaandaa somo. Akajaribu herufi hizi, akajaribu zile. Akabadilisha rangi. Akachagua kanisa, akachagua ukumbi, akachagua siku. Mchana wote uliishia hapo, na kwa kweli ulikuwa ukurasa mzuri kuliko wote aliowahi kutengeneza.

Alikusudia kubadilisha majina kabla ya kwenda darasani. Lakini jioni ile Marcelino akatuma ujumbe wake wa siku zote: Habari za leo. Umekula? Basi. Hakuna neno la zaidi. Faustina akaifunga kompyuta kwa hasira na majina yakabaki humo humo.

Ijumaa ikaja, somo la kupeleka ukurasa hewani ili watu wote duniani wauone. "Msipandishe folda nzima," aliwaonya kwa sauti kali. "Pandisha faili moja moja, uone unachopeleka. Na kumbukeni, faili lenye jina la index ndilo linalofunguka kwanza mtu akiingia." Kisha mtandao ukawa unasuasua, kipindi kinakaribia kwisha, watu wanakusanya mabegi, naye mwalimu akaipandisha folda yake nzima. Na ukurasa wa harusi, ukitaka kujua, aliuita index.

"Brayson," alisema sasa, "shangazi yako ameuonaje?"

"Nilimtumia, Madam. Yeye anaimba kwaya na mama mmoja hivi, mtoto wake anaitwa Marcelino, alishawahi kufundisha umeme hapa hapa chuoni. Nikasema isije ikawa ndiye. Kumbe ndiye kweli! Shangazi kaiweka kwenye grupu la jumuiya yao ya kanisa. Wamefurahi hao, acha tu!"

Faustina akaipiga projekta kofi, ingawa ilikuwa inawaka.

Simu ya Marcelino ilikuja mchana, Faustina akiwa amejifungia ofisini, kompyuta iko mbele yake, kidole kiko tayari kuufuta ukurasa ule.

"Faustina."

"Marcelino, nisikilize kwanza. Lilikuwa zoezi la darasani. Naufuta sasa hivi."

"Usiufute."

Alishusha mkono. Kwa sekunde ile moja, matumaini yalimpanda mpaka kooni.

"Baba mdogo anataka ufutwe mbele yake, auone kwa macho ukifutika," Marcelino akaendelea. "Mama anakuita nyumbani, Jumamosi. Uje na mtu mzima wa kwenu."

"Wameudhika?"

"Njoo tu."

"Na wewe je? Wewe umeudhika? Wewe unasemaje, Marcelino?"

Alisikia upepo kwenye simu, na mbali kidogo trekta. Marcelino alikuwa Idodi, kwenye shamba la mpunga aliloachiwa na baba yake. Alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kunena, kisha akaitoa bila neno.

"Nimekuuliza wewe."

"Nakusikia, Faustina. Njoo Jumamosi."

Akakata.

Ndivyo alivyokuwa tangu aondoke. Alipokuwa Mbeya, hawa wawili walikuwa hawaachani. Yeye akifundisha umeme, Faustina akifundisha kompyuta, na kila saa ya mapumziko walikutwa wamesimama mlangoni mwa karakana wakinywa chai ya maziwa na kubishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Marcelino alikuwa na macho ambayo yakikutazama unasahau ulichotaka kubishia. Siku moja alimwambia, "Kuna jambo nataka tuongee, tukipata nafasi nzuri." Nafasi nzuri haikupatikana. Juma lile lile baba yake akafariki, naye Marcelino akarudi Iringa kuzika na hakurejea. Likizo zikaja zikapita. Jumbe zikaja kila jioni, fupi, kavu. Mvua imenyesha huku. Umekula? Usitoke bila sweta. Na lile jambo hakuligusa tena.

Wiki ile Faustina alikuwa kama mtu aliyekaa juu ya siafu. Ukurasa ulikuwa bado uko hewani, na watu hawakumwacha. Mama wa mgahawa alimuuliza kama wapishi wameshapatikana. Mkuu wa chuo akataka kujua kikao cha kwanza cha kamati ya harusi ni lini, maana hataki kuachwa nje. Faustina alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akisimama alitaka kukaa, akikaa alitaka kusimama. Darasani aliandika kitu ubaoni, akakifuta, akakiandika tena vile vile.

Alhamisi mama yake akampigia kutoka Tukuyu.

"Faustina, haya ninayosikia ni mambo gani? Unaolewa na sisi tunasikia kwa majirani?"

"Siolewi, Mama. Ni makosa ya kompyuta."

"Watu wa Clement nao wameyaona. Wameniuliza kama mlango bado uko wazi."

Clement alikuwa mhasibu, mtu mpole, mwenye kwao, asiye na kasoro. Faustina alitamani sana awe na kasoro.

"Wanataka kuja na mshenga wao," mama akaendelea. "Mimi siwezi kuwazungusha watu wazima kama watoto. Huyo wa Iringa ameshakuambia neno?"

"Hajaniambia."

"Basi nataka jibu lako Jumapili. Ndiyo au hapana. Jumapili, umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Jumamosi mchana akawa Iringa, nyumbani kwa kina Marcelino, Kihesa. Pembeni yake alikaa Shangazi Bertha, dada wa baba yake, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Walikuwa wamepokewa vizuri, salamu za "kamwene" mlangoni zilikuwa ndefu na za heshima kama kawaida ya Wahehe, lakini Shangazi Bertha alipoona chai imeletwa bila kitafunwa hata kimoja, alimbonyeza mwenzake kiunoni.

"Mambo si mazuri," alinong'ona.

Faustina hakusikia. Alikuwa anamtazama Marcelino.

Alikuwa amekonda. Jua la Idodi lilikuwa limemkoleza rangi, na viganja vyake vilikuwa na sugu mpya. Alikaa kiti cha chini kando ya mlango, mikono katikati ya magoti, macho sakafuni. Walipoingia alisimama, akampokea Shangazi Bertha mkoba, akasema "Shikamoo, shangazi." Kwa Faustina alisema "Karibu" tu. Lakini katika kulisema aliinua macho mara moja. Yalikuwa macho yale yale ya mlangoni mwa karakana. Kisha yakarudi sakafuni kama yaliyoitwa.

Mama Marcelino, mjane mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, alikaa chini ya picha ya marehemu mumewe. Aliyeongea alikuwa shemeji yake, Mzee Kalinga, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo kwa sasa.

"Mwanangu," alimwambia Faustina, "umekuja, tunashukuru. Sasa tueleze. Hiki kitu kwenye simu kimetoka wapi?"

"Nimekitengeneza mimi, Baba. Nafundisha vijana kutengeneza kurasa kama hizo. Ulikuwa mfano. Haukutakiwa kutoka nje ya kompyuta yangu, nimekosea kuupandisha."

"Mfano." Mzee Kalinga alilitafuna neno lile. "Mifano yote duniani, ukakuta jina la mtoto wa kaka yangu?"

Faustina alitazama kikombe chake.

"Watu wamenipigia simu," Mama Marcelino akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwenyekiti wa jumuiya ameniuliza kwa nini ndoa haijatangazwa kanisani. Wengine wakaniambia hongera. Mimi nimevaa hiki," akagusa kitambaa cheusi, "wananiambia hongera ya harusi."

"Nisamehe, Mama."

Mzee Kalinga akamgeukia Marcelino. "Na wewe. Simama."

Marcelino akasimama.

"Ulimwambia huyu binti kwamba utamuoa?"

"Hapana, Baba mdogo."

"Ulimwambia akusubiri?"

"Hapana."

"Usinidanganye mbele ya picha ya baba yako. Ulimpa ahadi yoyote, kwa mdomo, kwa simu, kwa kutuma mtu?"

"Sijamwambia hata neno moja," alisema Marcelino. "Hata neno moja, Baba mdogo."

Alilisema kwa uthabiti, karibu kwa fahari, na lilimchoma Faustina kuliko yote aliyoyawaza njiani. Alijua hajaambiwa. Lakini kusikia linatangazwa hivyo mbele za watu, kwa kichwa kilichoinuliwa! Machozi yalimjia, akayazuia kwa nguvu zake zote. Basi ndiyo hiyo. Amejiandikia harusi na mtu ambaye anaona sifa kutokumwambia kitu.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli, Baba. Hajaniambia kitu. Msimlaumu. Niliandika mwenyewe kwa sababu nilipenda kuyaona majina yale pamoja. Ni moyo wangu tu. Yeye hana kosa."

"Faustina!" Shangazi Bertha alishtuka. Kisha akaweka kikombe chini, akajifunga kitenge vizuri kama anayejiandaa kuondoka. "Mama Marcelino, mtuwie radhi. Kama kijana wenu hana neno na mtoto wetu, ukurasa ufutwe, turudi kwetu. Sisi hatukuja kumnadi. Kwetu wapo wanaobisha hodi."

Marcelino, aliyekuwa amesharudi kwenye kiti cha mlangoni, aliinua kichwa ghafla. Mama yake alimuona. Mama huona.

"Dada, kaa kidogo," akasema. "Naona hamjui. Hapa kwetu mambo yako hivi. Baba mwenye nyumba akifa, mpaka kaburi lake lijengewe na misa yake isomwe, nyumba hii haitamki habari ya kuoa. Na mzaliwa wa kwanza ndiye anayefunga mdomo kuliko wote. Hata akiwa na mtu moyoni, hamwambii. Hata kumwambia 'nisubiri' hawezi, kwa sababu nisubiri ni nusu ya kuoa. Babu yao alifunga, baba yao alifunga. Mimi mwenyewe niliachwa hivyo. Mume wangu alinyamaza, nikalia nikidhani nimeachwa. Nusura niolewe Njombe."

"Angalau angemweleza hiyo desturi yenyewe," Shangazi Bertha akasema. "Mtoto akajua."

"Kueleza ni kusema," Mzee Kalinga akajibu. "Ukimweleza msichana desturi hii, umeshamposa."

Zile jumbe za jioni zilimrudia Faustina moja moja. Umekula? Usitoke bila sweta. Mvua imenyesha huku. Alizisoma akiona ukavu, akazilaani, na kumbe mwenzake alikuwa anachota kile kidogo kilichoruhusiwa, anakileta kila siku bila kukosa. Alitaka kucheka, alitaka kumrukia, alitaka kumpiga ngumi za mgongo. Mwanaume huyu! Na yeye asiyejua kungoja hata ukurasa ufunguke!

"Ndiyo maana nilitaka kujua kama amesema," Mzee Kalinga akaendelea, sasa kwa upole kidogo. "Kama angekuwa amesema, angekuwa amemvunjia heshima kaka yangu. Hajasema. Nimeridhika. Sasa ufute huo ukurasa, mambo yaishe."

Faustina akatoa kompyuta begini, akaiunganisha na simu. Mzee Kalinga alisogeza kiti, akavaa miwani, akauangalia ukurasa kwa mara ya kwanza ukiwa mkubwa. Aliangalia maua. Aliangalia majina.

"Umeupamba," alisema, kama anayelalamika.

"Ndiyo, Baba."

Mama Marcelino naye alikuja kusimama nyuma yao. Faustina alichagua faili, akabonyeza, na kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Mkono ukasita. Mwisho wa chumba alimsikia Marcelino akisogeza kiti. Akabonyeza tena. Maua yakaondoka, majina yakaondoka, kukabaki weupe mtupu na maneno kwamba ukurasa huo haupatikani.

"Umekwisha?" Mzee Kalinga akauliza.

"Umekwisha."

"Kila mahali? Hata kwa wale wa jumuiya?"

"Wakibonyeza hawataukuta, Baba."

"Vizuri. Tunashukuru."

Hapo ndipo angeaga. Shangazi Bertha alikuwa ameshasimama. Lakini Faustina alifikiria Jumapili, sauti ya mama yake, mshenga wa Clement akivua viatu mlangoni Tukuyu. Je, angesema nini? Kwamba anamngoja mtu ambaye hajamwambia kitu? Na kama anakosea? Kama macho yale ni macho tu, na jumbe zile ni salamu za mtu mwema? Desturi inaweza kumficha anayependa, lakini asiyependa naye hujificha humo humo, raha mustarehe. Alihisi akitoka mlango ule bila kujua atapata wazimu.

"Baba," alisema, "naomba kuuliza jambo moja."

"Uliza."

"Mimi kwetu hatujafiwa. Mdomo wangu haujafungwa."

"Haujafungwa, ni kweli."

"Kesho mama yangu anataka jibu. Kuna watu wanataka kuja kwa ajili yangu, watu wazuri. Siwezi kuwajibu nusu nusu. Sasa nauliza. Desturi inamkataza Marcelino kusema kwamba anataka. Je, inamkataza kusema kwamba hataki?"

"Faustina, mwanangu, twende," Shangazi Bertha akamshika mkono.

Mzee Kalinga alivua miwani. Alimtazama shemeji yake, shemeji yake akatazama picha ya mumewe, kisha dirishani. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Kukataa hakukatazwi," alisema hatimaye. "Kukataa si kuoa. Anaweza kukataa hata leo."

"Asante, Baba."

Akautoa mkono wake kwa shangazi, akavuka sebule, akasimama mbele ya Marcelino, naye Marcelino akainuka kitini. Ilibidi Faustina ainue uso kidogo kumtazama, kama zamani. Hakujali tena nani anaona.

"Marcelino. Sikuombi useme unanitaka. Sitaki umkosee baba yako. Lakini kama hunitaki, niambie. Hapa hapa, sasa hivi, mbele ya mama yako. Sitalia. Labda nitalia, lakini nitaondoka na hutaniona tena, na hutanisikia nikikulaumu. Neno moja tu. Sema hapana."

Marcelino alimtazama. Hakukimbiza macho sakafuni. Nje jogoo aliwika wakati si wake, na jikoni mtu aliangusha mfuniko. Mikono ya Marcelino yenye sugu ilikuwa imekamata pindo za koti mpaka vifundo vimepauka.

"Sema, nakungoja," Faustina akanong'ona.

Midomo yake ilikuwa imebanwa hasa. Macho yake yalijaa taratibu, yakafurika, na machozi yakashuka mashavuni kwa mwanaume yule mbele ya baba yake mdogo, bila kujifuta, bila kugeuka pembeni. Hakusema kitu. Shangazi Bertha akakaa tena chini. Mzee Kalinga alianza kuisafisha miwani yake kwa ncha ya shati, kwa bidii sana, ingawa ilikuwa safi.

Muda ukapita. Marcelino akaendelea kutosema.

"Mwanangu," Mama Marcelino alimwita Faustina kwa nyuma. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umesikia?"

"Hajasema kitu, Mama."

"Ndiyo nakuuliza. Umesikia?"

Faustina alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Alicheka na kulia kwa pamoja, macho bado yako kwa Marcelino.

"Nimesikia, Mama," alisema. Kisha, kwa kuwa ni Faustina na subira hakujaliwa, akamgeukia Mzee Kalinga. "Baba, hilo kaburi linajengwa lini?"